Kikombe cha Maji kwenye Mkorosho

Jumatatu, 12 Julai 1993. Mnyambe

Nimeamka mama keshatoka. Nilisikia ndara zake nyuma ya nyumba, zinakwenda mpaka kwenye mkorosho, zinasimama, zinarudi. Halafu kimya. Anaandika. Leo ni asubuhi ya tisini na mbili na hajakosa hata moja.

Mimi nimebaki kitandani kama bibi harusi. Mwanafizikia wa mwaka wa tatu, kazi anafanya mama yake.

Mchana nimechora grafu ya vipimo vyote, kuanzia Jumatatu ya Pasaka nilipofunga lile sanduku la mbao mtini. Ndani yake vipimajoto viwili. Cha kushoto kikavu. Cha kulia nimekivika utambi wa pamba unaochovya kwenye kikombe kidogo cha maji. Hewa ikiwa kavu, utambi unapoteza maji na cha kulia kinashuka. Hewa ikishiba unyevu, vinalingana. Mradi wangu wote wa shahada umo humo: kujua ni alfajiri zipi hewa imeshiba, umande ukatua kwenye majani, na unga wa salfa, dawa ya ugonjwa wa mikorosho, ukashika. Wakulima hapa wanapuliza salfa kwa kubahatisha.

Vipimo vya mama vinalingana. Kumi na saba kwa kumi na saba. Kumi na sita na nusu kwa kumi na sita na nusu. Siku moja moja vinapishana robo. Siku tisini na mbili hewa imeshiba! Msimamizi wangu alisema nisitegemee zaidi ya siku mbili tatu kwa wiki. Nimepata kitu. Nimefurahi hadi nimeshindwa kula mchana.

Jumanne, 13 Julai

Grafu ya pili. Mstari umenyooka kama reli.

Wanawake wa jirani wanamwita mama "Mama Chuo Kikuu." Anajifanya kuchukia. Alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, mimi nikiwa mgongoni, na tangu hapo hakuna aliyemwomba aandike kitu zaidi ya jina lake kwenye karatasi za chama cha ushirika. Sasa ana daftari. Analifunga kwenye kipande cha kanga na kuliweka juu ya kabati, pamoja na cheti cha ndoa.

Tarakimu zake kubwa, zimesimama wima. Nzuri kuliko zangu.

Alhamisi, 15 Julai

Mama kalala Newala mjini kwa shangazi. Yeye na majirani wamekwenda kufuata salfa kwa mfanyabiashara mmoja aliyefungua duka mwaka huu. Zamani ilikuja kwa chama, ikichelewa. Sasa haichelewi, ila kila mtu anajitafutia.

Kwa hiyo nimepima mwenyewe. Jana jioni nilijaza kikombe, leo saa kumi na mbili kasoro nikaenda na daftari. Kushoto kumi na sita. Kulia kumi na tatu na nusu.

Nikafikiri sijaamka sawasawa. Nikafuta kioo kwa upindo wa kanga. Kumi na tatu na nusu.

Labda hali ya hewa imebadilika. Upepo wa kusini.

Ijumaa, 16 Julai

Kushoto kumi na sita na nusu, kulia kumi na nne. Nikagusa majani. Makavu.

Nimerudi kuitazama grafu yangu.

Mama karudi mchana na mfuko wa salfa kichwani, anacheka. Ameniletea ming'oko, vile viazi vya porini. Sikumwambia chochote.

Jumamosi, 17 Julai

Nimemfuata alfajiri. Nikasimama kwenye kona ya nyumba nimtazame anavyofanya.

Alikuja na kata ya maji. Akafungua sanduku. Akamimina maji kwenye kikombe, kilichokuwa kitupu, taratibu, hata tone halikumwagika. Hapo hapo akasoma kushoto, akasoma kulia, akaandika. Akachukua kikombe, akarudisha maji kwenye kata. Akafunga sanduku. Akarudi ndani na maji yake.

Utambi ulikuwa mkavu. Ulikuwa mkavu siku zote alizopima yeye. Utambi mkavu ni kitambaa tu, na vipimajoto viwili vikavu lazima vilingane. Vingelingana hata jangwani.

Nikamuuliza kwa utani kwa nini anarudisha maji. Akanishangaa. "Maji yalale nje wazi, kwenye mti? Unajua ndoo moja inavyotoka bondeni tangu mashine ya maji ife? Yakilala nje yanavuta nyuki, yanazaa mbu. Wewe uliniambia nikipima nihakikishe kikombe kina maji. Kinakuwa na maji."

Ni kweli. Nilisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Bado najisikia nikisema.

Jumapili, 18 Julai

Siku tisini na nne. Bure.

Sijamwambia. Nimekaa chooni kwa muda mrefu kuliko inavyopasa, nikihesabu.

Ripoti inatakiwa idarani mwisho wa Agosti. Bila ripoti hakuna shahada Novemba. Bila shahada hakuna kazi kwenye ile sekondari mpya ya binafsi kule Masasi, ambayo mkuu wake aliniambia mwenyewe Mei kwamba nafasi ya fizikia ananishikia mpaka Januari na si zaidi. Serikali haimpangii tena kazi kila anayemaliza chuo. Ukipata mlango unaingia. Na mwaka wa kurudia siku hizi unachangia, enzi za kusomeshwa bure kabisa zinaisha na sisi tuko pale pale zinapoishia.

Mjomba Mfaume amekwishatangaza Novemba kijiji kizima. Mjomba ndiye mkubwa wa ukoo wetu upande wa mama, akitangaza kitu kinakuwa sheria.

Nina hasira na kikombe. Upuuzi.

Jumanne, 20 Julai

Nimeshuka Masasi na gari la asubuhi kumwona Gervas. Tunasoma darasa moja, yuko huku kwenye mazoezi ya kufundisha. Mtu wa Bukoba, analalamikia ugali wa muhogo tangu afike.

Nilimweleza yote. Hakunicheka. Alisikiliza, akasema neno moja: "Pika."

Vipimo vya kushoto ni vya kweli, akasema. Chukua hivyo, toa nyuzi mbili za joto upate vya kulia, siku nyingine moja, siku nyingine tatu, acha siku chache zilingane. Hakuna mtu atakayepanda gari kutoka Dar aje kuuliza mkorosho wa mama yako.

Anachosema kina akili. Hicho ndicho kinachonitisha.

Niliporudi mama aliniuliza Masasi nilifuata nini. Nikasema vitabu. Hakuona kitabu.

Alhamisi, 22 Julai

Nimepika.

Nimenunua daftari jipya, kava la kijani. Nimekaa chumbani asubuhi yote mlango umefungwa, nimesema naumwa kichwa. Nimeanza Aprili. Mvua za mwisho, kwa hiyo tofauti ndogo. Mei tofauti inakua. Nimeweka siku moja ya ajabu tarehe tisa ili ionekane ya kweli. Nimepotosha robo hapa, robo pale. Mkono wangu unajua mno. Miaka mitatu ya maabara imenifundisha vipimo vya kweli vinavyokuwa na makosa, na sasa nayatengeneza makosa kwa mkono.

Nimefika mwisho wa Mei. Grafu inapendeza, inapanda na kushuka. Ndiyo ile aliyoitegemea msimamizi.

Najidharau na bado naendelea. Yote mawili ni kweli.

Ijumaa, 23 Julai

Juni imekwisha. Mama alileta uji mlangoni. Aliniwekea sukari nyingi kwa sababu ya kichwa.

Jumamosi, 24 Julai

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda kuoga. Bafu liko nyuma, siyo mbali. Daftari la kijani lilikuwa mezani limefunguka, na la mama pembeni yake. Mama aliingia kuchukua bakuli la uji.

Niliporudi alikuwa amesimama. Kidole kimoja kwenye daftari lake, kidole kimoja kwenye langu. Anashuka mstari kwa mstari. Midomo inatembea kama alivyofundishwa kwenye kisomo.

"Hii ya kushoto yangu," akasema. "Hii ya kulia siyo yangu."

Nikafunga mlango nyuma yangu.

"Tarehe tatu Mei niliandika kumi na nane na kumi na nane. Hapa kumi na nane na kumi na sita." Akaenda nyingine. Na nyingine. Hakupaza sauti. Halafu akauliza: "Umenisahihisha?"

Nilisema siyo hivyo. Akauliza basi ni vipi. Nikasema ni mambo ya chuo, ni hesabu tu. Nimesema hivyo kwa mdomo wangu huu. Mambo ya chuo.

Akafunga daftari lake akalifunika na kanga. Akatoka nalo. Bakuli akaliacha.

Jumapili, 25 Julai

Alfajiri sikusikia ndara.

Nilikwenda kwenye mkorosho mwenyewe. Nikasimama tu. Sikupima.

Mama kapika, kafagia, kaongea na majirani. Mimi ananijibu kama mgeni: karibu, asante, kula. Walimwuliza mbona leo Mama Chuo Kikuu hana peni sikioni. Akasema kazi imekwisha.

Anadhani nimemwona mwongo. Au mjinga asiyejua kusoma namba, kwa hiyo binti msomi amekaa chumbani kimyakimya anamrekebishia. Sijui lipi linauma zaidi. Nadhani la pili.

Jumatatu, 26 Julai

Ndara hakuna tena.

Nimejaribu kumaliza siku za Julai kwenye daftari la kijani. Nimeandika mbili. Nikasimamisha kalamu. Kila nikiandika tarakimu naona kidole.

Ningeweza kumwambia ukweli ule mwepesi: mama, ulikosea maji. Angeelewa kwa nini nimebadilisha. Ningekuwa msafi mimi, mchafu yeye. Kijiji kingejua kabla ya Ijumaa kwamba Mama Hadija ndiye aliyemwangusha mwanawe Hadija chuo kikuu kwa ubahili wa maji.

Jumanne, 27 Julai

Nimemwambia. Tulikuwa tunamenya mihogo. Tuliongea Kimakonde tangu mwanzo mpaka mwisho. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichozoea kuandikia.

Nilianza na daftari la kijani. Nikasema yale ni ya uongo na yake ni ya kweli. Aliandika alichokiona. Mimi niliandika nilichokitaka. Kisu chake hakikusimama.

Halafu ikabidi nieleze kwa nini. Nikaanza vibaya, nikaanza na chembechembe za maji na nishati, nikasikia najikwaa, maneno yote ninayo kwa Kiingereza tu. Miaka mitatu! Siwezi kumweleza mama yangu kitambaa kibichi.

Aliniacha nihangaike. Kisha akasema, "Kama kitambaa cha mtoto mwenye homa."

Nikasema ndiyo.

"Maji yakikauka kwenye kitambaa yanaondoka na joto la mtoto. Kama kuna ukungu nje hayakauki, mtoto hapoi."

Ndiyo, mama.

"Na mimi nilikuwa nasoma kitambaa hakijalowa."

Ndiyo.

Akamenya mhogo mzima mpaka mwisho. Mrefu. Akauweka kwenye maji. "Hili ndilo ulishindwa kuniambia Pasaka?"

Sikushindwa. Huo ndio ukweli na nitauandika hapa angalau: sikujaribu. Nilimwonyesha kushoto, nikamwonyesha kulia, nikamwonyesha pa kuandika. Kikombe nilikipitia kwa sentensi moja nikiwa nawahi gari. Nilidhani hana haja ya kujua. Mtu aliyelea watoto sita wenye homa, na anayejua maji ya mtungi yanapoa kwa sababu gani, nilimwona ni mkono wa kushikia peni.

Nililia. Yeye hakulia. Aliniambia niende nikanawe uso, mihogo bado mingi.

Alhamisi, 29 Julai. Masasi

Nimepiga simu Dar kutoka ofisi ya simu. Foleni ya saa mbili, kila mtu anasikia ya mwenzake. Mbele yangu mnunuzi wa korosho wa binafsi, anafoka na mtu kuhusu magunia ya msimu ujao.

Msimamizi alipokea. Nilimwambia yote kwa haraka kabla sijaogopa: utambi, kikombe, daftari la kijani. Hata la kijani nilimwambia.

Ile milio ya waya. Kisha akauliza kama vipimo vya kikavu ni safi. Nikasema safi. Akasema hivyo peke yake havitoshi shahada. Akasema asingejua, la kijani lingempita na angenipa alama nzuri. Alisema kwa uchovu, siyo kwa ukali. Niandike ripoti ya yaliyotokea, niilete kwa wakati, ihesabike sijaacha mradi. Nirudie vipimo. Nihitimu mwakani.

Mwakani.

Nikatoka nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye ile sekondari nikamwambia mkuu kwamba Januari sitakuwa na cheti. Alikuwa mpole. Alisema kuna kijana wa Songea ameleta barua. Alinipa mkono.

Gervas nilimwona kwa mbali sokoni. Nilipita njia nyingine.

Jumamosi, 31 Julai

Mjomba Mfaume. Nilimwogopa kuliko msimamizi.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba yake ndefu, akataka nikae. Nikamwambia Novemba hakuna. Akaniuliza nimefeli? Nikasema nimekosea kazi, nairudia. Akaniuliza nimekosea nini. Mama alikuwa amekaa pembeni na upawa mkononi, ameutazama upawa.

Nikasema sikumfundisha vizuri mtu aliyenisaidia kupima.

Mjomba si mjinga. Anajua nani alikuwa anapima. Alimtazama mama, akanitazama mimi. Akavuta pumzi puani. Alisema mambo mengi baada ya hapo: aibu, watu aliokwisha kuwaambia, mwaka mzima mwingine, wasichana wa rika langu wana watoto wangapi. Nilikaa nikayapokea yote. Yana haki yake. Lakini lile swali nililokuwa naliogopa, mtu huyo ni nani, hakuliuliza.

Alipoondoka mama alisema chai imepoa. Akaipasha.

Jumatano, 4 Agosti

Leo ndara.

Sikutoka kuangalia. Nililala nikisikiliza.

Jumatano, 11 Agosti

Ripoti. Kurasa kumi na tisa kwa mkono, nitatafuta mtu wa kupiga taipu Masasi. Nimeandika kwa Kiingereza kama inavyotakiwa. Sehemu ngumu ni ukurasa wa tisa, "vyanzo vya makosa." Nimeiandika mara saba. Mara ya kwanza nilisema "hitilafu ya kifaa." Kifaa hakikuwa na hitilafu. Mara ya tatu nilisema "msomaji wa vipimo." Nikachana. Mara ya tano nilikuwa nimejilaani aya nzima, nikaona huo nao ni uongo wa aina yake, mtu anajipiga kifua ili aonewe huruma.

Huku wanapuliza salfa kila asubuhi. Kijiji kinanuka kiberiti. Wanapuliza bado kwa kubahatisha na sina la kuwaambia mwaka huu.

Najisikia mtupu, lakini nalala usingizi.

Jumapili, 15 Agosti

Baada ya chakula cha mchana mama alisema nimsomee. Nikamwambia iko kwa Kiingereza. Akasema basi itafsiri, si umesoma.

Tukakaa barazani. Nikamsomea yote, kurasa zote, hata milinganyo nikaisema kwa maneno. Alikuwa anachambua mbaazi. Kwenye grafu ya kipimajoto kikavu alinisimamisha akataka kuiona, akaweka kidole pale Juni baridi ilipoanza, akasema ndiyo, siku ile alivaa sweta la marehemu baba.

Nikafika ukurasa wa tisa. Nikasoma: "Aliyesoma vipimo alifuata maelekezo yote aliyopewa, na aliandika kwa uaminifu alichokiona. Hakuelezwa kazi ya maji. Kosa ni la mtafiti."

Alichagua mbaazi mbovu, akazitupa uani, kuku wakaja.

"Mwalimu wako akisoma hapo," akasema, "mjinga atamwona nani? Mimi au wewe?"

"Mimi."

Akafikiri. Akaivuta sahani ya mbaazi karibu.

"Basi peleka."

Gari la Masasi linapita saa moja asubuhi. Nimeitia kwenye bahasha.